Umushanana wa Rwanda na Upungufu wa Maneno "Vazi la Jadi"

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kuueleza umushanana, vazi la sherehe la wanawake wa Rwanda, katika Kiswahili cha utangazaji, utalii na nyaraka za utamaduni. Hoja ya msingi ni kwamba maneno "vazi la jadi", ambayo ndiyo humjia mwandishi kwanza, yanaficha mambo mawili. La kwanza ni historia ya kitambaa kilicholiwezesha umbo la vazi hili, historia iliyofungamana na safari za Kiswahili chenyewe. La pili ni tendo la kuvaa, ambalo ndilo kongwe kuliko kitambaa na ndilo linalolipa vazi mvuto wake. Makala yanalinganisha msamiati wa Kinyarwanda na ule wa pwani, yanaliweka vazi hili kando ya gomesi ya Uganda na jaribio la vazi la taifa la Kenya, na yanapendekeza namna ya kuliingiza katika kamusi za Kiswahili.

Istilahi muhimu: umushanana, lubega, kujitanda, leksikografia, sera ya utamaduni

1.0 Utangulizi

Jumamosi ya kiangazi jijini Kigali haipiti bila misafara ya arusi. Magari yaliyofungwa utepe hupanda na kushuka vilima vya Kicukiro na Gasabo, na yanaposimama hushuka wanawake waliovaa umbo moja: sketi pana iliyojaa marinda kiunoni, blauzi ndogo iliyobana, na kitambaa chepesi kilichovutwa mshazari kutoka ubavuni hadi kwenye bega moja, kikafungwa fundo au kubanwa kwa pini. Bega la pili huachwa huru. Kwa mbali, kabla jicho halijatambua rangi wala sura ya mtu, umbo hilo limekwisha kutambulika. Sifa hii ndiyo inayoyatenga mavazi machache yanayodumu na mengi yanayopita. Kanga hutambulika hivyo, na buibui pia. Suti ya kitenge, pamoja na uzuri wake wote, haina sifa hiyo, kwa kuwa hutambulika kwa kitambaa chake na si kwa mkato wake.

Mtangazaji wa Kiswahili anayeripoti sherehe ya namna hiyo husema kwamba wanawake "wamevalia vazi la jadi la Kinyarwanda". Kijitabu cha utalii kitasema "vazi la kitamaduni", na pengine kitaongeza kwamba linafanana na sari ya Kihindi. Hakuna anayeweza kuyaita maneno hayo uongo. Hata hivyo, msikilizaji wa Tanga au wa Bukavu ambaye hajawahi kufika Rwanda haambiwi lolote linalomwezesha kuliona vazi lenyewe, na anaambiwa jambo moja la kihistoria ambalo halina uthabiti.

Suala hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lake lilikipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Tangu hapo Kiswahili kimebeba jukumu jipya: kuvitaja vitu vya Rwanda kwa ajili ya ukanda mzima. Lugha inayovitaja vitu vya mwenyeji kwa jina la jumla tu, "jadi" kwa kila kitu kuanzia ngoma hadi ngao, haiwezi kulalamika mwenyeji anapoiona kuwa lugha ya wapita njia.

2.0 Kitambaa kilikotoka

Katika Makumbusho ya Ethnografia mjini Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989, huonyeshwa mavazi yaliyotumika kabla ya ukoloni. Kuna ngozi zilizolainishwa, hasa ile sketi ya ngozi ya wanawake iitwayo inkanda, na kuna impuzu, nguo iliyotengenezwa kwa gome la mti wa umuvumu, wa jamii ya mikuyu. Anayetoka kwenye arusi ya Jumamosi na kuingia katika makumbusho hayo Jumatatu atatambua urugori, ule utepe wa bua la mtama unaovaliwa kichwani na mama mwenye watoto. Sketi ya marinda hataiona. Sababu ni ya kimaumbile kabla ya kuwa ya kihistoria: ngozi haikunjiki marinda mengi kiunoni, na gome, hata likipondwa kwa ustadi wa kiwango gani, halipepei mtu anapotembea. Umbo la umushanana linahitaji kitambaa kirefu, chepesi na kinachoteleza. Kitambaa cha namna hiyo hakikufumwa Rwanda.

Njia kilikopitia inafahamika vizuri na wasomaji wa historia ya pwani. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bohari kuu la vitambaa vya pamba, kwanza vya viwanda vya Massachusetts, ndivyo vilivyozaa neno "merikani", kisha vya Uingereza na India. Merikani ilisafiri na misafara hadi Tabora na Ujiji ikiwa bidhaa na fedha kwa wakati mmoja. Rwanda ilikuwa ya mwisho kufikiwa kwa wingi. Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, hakuwaruhusu wafanyabiashara wa pwani kujikita ndani ya nchi yake, na vitambaa viliingia kwa uchache kupitia mipakani. Mambo yalibadilika chini ya Wajerumani. Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kiswahili walifuata, na mitaa iliyokuja kuitwa Biryogo na Nyamirambo ikawa makazi ya wasema Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa huko mwaka 1913. Vitambaa viliuzwa, vilitolewa zawadi katika ikulu ya Mwami Musinga, na vilitumika kama malipo.

Maneno yaliingia na vitambaa. Kinyarwanda cha leo kina ishati, igitenge na ikanzu. Neno la mwisho linastahili kusitiwa. Katika Kiswahili cha sasa kanzu ni vazi la mwanamume, ingawa pwani ya zamani ilikuwa pia na kanzu ya kike. Kinyarwanda kimeihifadhi maana hiyo ya pili: ikanzu, katika matumizi ya kila siku, ni gauni la mwanamke. Lugha iliyopokea imetunza kilichokaribia kusahauliwa na lugha iliyotoa, jambo ambalo wanaleksikografia wa Kiswahili wangefaidika nalo kama wangelitazama.

Kufikia miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, picha za machifu wa Rwanda zinaonyesha wanaume warefu waliojifunga mashuka meupe yaliyofungwa fundo begani, fimbo mkononi. Mwami Mutara III Rudahigwa, aliyetawala kuanzia 1931 hadi 1959, huonekana katika picha zake mara kwa suti, mara kwa shuka jeupe. Malkia Rosalie Gicanda, aliyefunga naye ndoa mwaka 1942 na aliyeuawa Butare mwezi Aprili 1994, amebaki katika kumbukumbu ya Wanyarwanda wengi kuwa kielelezo cha mwanamke aliyejitanda kwa utulivu. Umbo tunalolijua leo linaonekana katika kizazi hicho. Lina umri wa kama karne moja. Kwa vazi, huo ni umri wa heshima, na hauhitaji kuongezewa karne nyingine kwa neno "jadi".

Baada ya 1959 historia ya vazi hili haikubaki ndani ya mipaka ya Rwanda. Familia zilizokimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika zilikwenda na sherehe zao, na waliorejea baada ya 1994 walirudi nazo zikiwa zimechukua rangi za walikoishi. Wala halikuwa la Wanyarwanda peke yao. Bibi arusi wa Kinyankore huvaa mushanana katika sherehe ya kuhingira, na Burundi ina imvutano, vazi la ukoo huohuo lenye jina lake. Kijitabu kinachoandika "vazi la jadi la Rwanda" kinaufunga mpaka ambao vazi lenyewe halikuwahi kuufunga.

3.0 Vitenzi viwili

Mnyarwanda anayelieleza vazi hili kwa makini hatosheki na nomino moja. Hutaja umukenyero na umwitero. Umukenyero ni kile kinachofungwa kiunoni, kutokana na kitenzi gukenyera. Umwitero ni kile kinachopitishwa begani, kutokana na kwitera, ambacho ni kitenzi gutera kilichopachikwa kiambishi cha kujitendea -i-, ndugu wa -ji- ya Kiswahili. Gutera ni kitenzi chenye kazi nyingi: mtu hutera jiwe akimaanisha kulirusha, na hutera mti akimaanisha kuupanda. Kwitera, basi, ni kujirushia. Ndani ya neno mna mkono unaotupa kitambaa begani, na anayelisikia kwa sikio la Kinyarwanda huuona mkono huo.

Tazama sasa pwani. Mwanamke wa Mombasa au Unguja hununua kanga kwa doti, yaani vipande viwili. Kimoja hujifunga kiunoni au kifuani. Kingine hujitanda mabegani au kichwani. Nguo ya kujitandia huitwa mtandio. Mtandio umeundwa kwa kanuni ileile iliyounda umwitero: shina la kitenzi, kiambishi cha ngeli ya tatu mwanzoni, -o mwishoni. Umukenyero nao umeundwa vivyo hivyo. Jamii mbili zilizo mbali, moja ya vilima na moja ya bahari, zilikutana na kitambaa cha biashara kwa nyakati tofauti na kila moja ikakigawa sehemu mbili, ya kiuno na ya bega, kisha ikazipa sehemu hizo majina kwa sarufi ya Kibantu isiyokopwa kwa mtu.

Hapa ndipo upungufu wa "vazi la jadi" unapojitokeza wazi. Kilicho cha kale katika umushanana ni vitenzi. Ngozi ilifungwa kiunoni na gome lilifungwa fundo begani kabla ya merikani kufika. Nomino, yaani kitambaa chenyewe, ilikuja kwa msafara. Kulitaja vazi lote kwa neno moja la ukale ni kuuchanganya mkono na kitu kilichoshikwa na mkono huo.

Ulinganisho na sari nao haufiki mbali. Sari ni kipande kimoja kirefu kinachozungushwa kiunoni na kumaliziwa begani bila kukatika. Uzuri wake uko katika mwendelezo huo. Umushanana una vipande viwili vinavyoweza kutofautiana kwa uzito, na wakati mwingine kwa rangi, na uzuri wake uko katika mkutano wa pande mbili zinazovutana: marinda yanayoshuka wima na mtandio unaokata mwili mshazari. Anayelinganisha na toga ya Kirumi ameliona bega tu. Anayeliita gauni ameona kwamba mvaaji ni mwanamke, akaishia hapo.

Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi kuliko yote hayo, nalo limekaa kamusini bila kazi. Neno hilo ni lubega: mtindo wa kuvaa nguo kwa kuipitisha chini ya kwapa moja na kuifunga juu ya bega la upande wa pili. Hilo ndilo tendo la umwitero, kwa ukamilifu wake. Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba kwa msomaji wa Tanzania lubega huleta mara moja picha ya Mmasai mwenye shuka jekundu, na kwa baadhi ya watu wa mjini neno hilo limewahi kubeba dharau kwa wafugaji. Pingamizi hilo ni la kweli. Lakini dharau ni ya watumiaji, na neno haliachwi kwa sababu mjini kuna watu wenye majivuno. Wachungaji wa nyanda za Arusha na mabinti wa arusi za Kigali wamelitatua tatizo moja kwa njia moja: namna ya kukishikilia kitambaa mwilini huku mkono mmoja ukibaki huru kabisa. Neno moja linaweza kuwahudumia wote.

4.0 Kwa nini umbo limedumu

Kusini mwa Ziwa Nyanza na kaskazini yake kuna mavazi mengine ya sherehe yenye umri unaokaribiana na huu, na kulilinganisha na mojawapo kunasaidia. Gomesi ya Buganda, iitwayo pia busuuti, imebeba jina la fundi: simulizi inayojulikana zaidi inamtaja Gomes, fundi cherehani Mgoa wa Kampala, na kuihusisha kazi yake na shule ya wasichana ya Gayaza iliyoanzishwa mwaka 1905. Mabega yaliyochongoka, vifungo viwili ubavuni mwa shingo na mshipi mpana: yote hayo ni kazi ya mkasi na cherehani. Gomesi ni vazi lenye mwandishi. Limedumu kwa sababu Buganda ililipokea na kulifanya sare ya heshima, na ukali wa umbo lake haumruhusu mvaaji kulibadili sana.

Umushanana haukuwahi kuwa na fundi wa kutajwa. Kila anayeuvaa huutunga upya asubuhi ya sherehe, mara nyingi akisaidiwa na shangazi au dada anayejua kuyapanga marinda yasizidi upande mmoja. Mkono wa msaidizi ni sehemu ya vazi. Kitambaa hakina saizi. Kilichomtosha mama humtosha binti, na mjamzito hahitaji kukipanua mshono kwa kuwa mshono haupo. Mabega na mikono hubaki huru kwa ajili ya ngoma. Katika umushagiriro wachezaji huinua mikono kwa mkunjo unaoigiza pembe ndefu za ng'ombe wa inyambo. Vazi lenye mikono iliyoshonwa na mabega yaliyochongoka lingeikata picha hiyo katikati. Marinda ya chini nayo huuficha mwendo wa miguu, kwa hiyo mchezaji huonekana akiteleza. Umbo hili limedumu kwanza kwa kuwa linaufaa mwili unaofanya mambo ambayo Wanyarwanda wanayapenda: kutembea taratibu, kukumbatiana kwa salamu, kucheza kwa mikono. Hoja ya utambulisho wa taifa ilikuja baadaye, ikaukuta mwili umekwisha kuamua.

Washauri wa sera hawana budi kulitafakari hilo kwa kulinganisha na yaliyotokea Kenya. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa baada ya kampeni iliyodhaminiwa na sabuni ya Sunlight ya kampuni ya Unilever. Wabunifu walikuwa na vipaji, uzinduzi ulikuwa na shangwe, na vazi halikuvaliwa. Lilikuwa nomino tupu. Halikutoka katika tendo lolote ambalo mikono ya watu ilikuwa imelizoea, na hakuna shangazi aliyejua kumsaidia mtu kulivaa. Tanzania nayo imewahi kuunda kamati ya kulitafuta vazi lake la taifa, huku kanga ikiifanya kazi hiyo sokoni na msibani bila kusubiri uteuzi. Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu Zanzibar baada ya kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1897, ameonyesha jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoiacha kaniki na kuichukua kanga ili kudai hadhi mpya. Hakuna ofisi iliyowaagiza.

Kuna upande mmoja wa kudumu huku ambao husifiwa zaidi ya inavyostahili. Wanaume wa Rwanda nao walijifunga mashuka begani, tena picha za miaka ya 1930 zinawaonyesha wao kwa wingi kuliko wake zao. Leo mwanamume hujitanda siku ya gusaba, sherehe ya kuposa, akashika fimbo kwa saa kadhaa, kisha akarudi kwenye suti. Mwanamke huuvaa umushanana katika posa, arusi, kanisani, mazishini, katika mapokezi ya wageni wa serikali na katika kumbi za mikutano anapogawa zawadi. Hotuba humsifu kwa "kuutunza utamaduni". Ingefaa hotuba hizo ziulize nani aliuacha, na kwa nini kazi ya kuutunza imebaki begani mwa mmoja. Maneno "vazi la jadi" husaidia kulifunika swali hilo, kwa kuwa jadi hudhaniwa kuwa haina tarehe, na jambo lisilo na tarehe haliwezi kuulizwa lilibadilika lini.

5.0 Mshono, caguwa na sera

Katika soko la Kimironko mafundi cherehani hukaa safu kwa safu, na miongoni mwa kazi wanazoletewa ni umushanana ulioshonwa. Marinda hupangwa mara moja na kushikizwa kwenye mkanda wenye lastiki au zipu. Mtandio hushonewa kwenye blauzi au huwekewa kishikizo. Mvaaji huuvaa kwa dakika mbili bila msaada wa mtu. Sambamba na hilo kumekua biashara ya kukodisha: bibi arusi na mabinti wanaomsindikiza huhitaji sare ya rangi moja kwa siku moja, na si wengi wanaoweza kununua kitambaa chepesi cha shifoni kwa ajili ya watu wanane. Wahenga wa Kiswahili walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kigali imewajibu kwamba husitiri vizuri tu, mradi irudishwe Jumatatu.

Wapo wanaolilalamikia toleo la kushonwa kuwa ni uharibifu wa utamaduni. Lalamiko hilo lina udhaifu uleule wa "vazi la jadi", kwa kuwa linadhani vazi liliwahi kutulia. Hata hivyo kuna kinachopotea kweli, na kinaweza kutajwa kwa usahihi. Kinyarwanda kina kitenzi cha jumla, kwambara, kinacholingana na "kuvaa". Umushanana ulioshonwa huvaliwa. Haukenyerwi wala hauiterwi. Zipu inapoingia, vitenzi viwili vinakosa kazi, na pamoja navyo mkono wa shangazi. Msichana aliyekodi vazi lenye lastiki anaweza kufika utu uzima bila kujua kujifunga marinda, kama ilivyo kwa vijana wengi wa Dar es Salaam ambao wana kanga nyumbani lakini hawajui kuzifunga zikakaa.

Sera ya nguo ya miaka ya karibuni haikuligusa suala hili, ingawa ilizungumza sana kuhusu heshima. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, kwa lengo la kukuza viwanda vya ndani. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia Rwanda nafuu ya ushuru wa mavazi chini ya mpango wa AGOA. Rwanda haikurudi nyuma. Mitumba kwa Kinyarwanda huitwa caguwa, neno lililotokana na "chagua" ya wachuuzi wa Kiswahili waliosimama juu ya marundo wakiwaita wanunuzi. Kwa hiyo hata katika vita hiyo ya kiuchumi adui alikuwa na jina la Kiswahili, kama ambavyo ikanzu na igitenge, vinavyotetewa, vina majina ya Kiswahili.

Umushanana ulipita kando ya mjadala wote huo. Hauagizwi kwenye marobota ya mitumba, hivyo haukuhitaji kulindwa. Na shifoni yake hutoka nje ikiwa mpya, hivyo haukuweza kujivunia nembo ya uzalishaji wa ndani kwa dhamiri safi. Sera iliyoyapima mavazi kwa mahali yaliposhonwa haikuwa na kipimo cha vazi ambalo thamani yake haiko katika kushonwa. Kipimo hicho kipo katika lugha. Rwanda ina bahati ambayo nchi jirani hazina: tangu mwaka 2020 taasisi moja, Inteko y'Umuco, inashughulikia kwa pamoja lugha, makumbusho na urithi. Chombo kinachohifadhi inkanda katika kabati la kioo ndicho pia chenye mamlaka ya kuhifadhi gukenyera katika kamusi. Ushirikiano wake na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar ungeweza kuanza na orodha fupi ya vitenzi vya kuvaa katika lugha za ukanda, kabla ya orodha nyingine ndefu ya majina ya "mavazi ya jadi".

6.0 Kitomeo kinachopendekezwa

Kiswahili kimewahi kupokea sari, koti na suti bila kuzitafsiri, na hakuna sababu ya kuuita umushanana kwa maelezo marefu. Kwa kuwa neno liko katika ngeli ya tatu katika Kinyarwanda, linaingia lenyewe katika ngeli ya U-I: mshanana, mishanana, kwa kuidondosha irabu kama ilivyo kwa mtandio na mkanda. Umbo "mushanana", linalotumika tayari upande wa Uganda, linaweza kuorodheshwa kama kibadala. Kinachohitaji uangalifu ni fasili. Fasili inayoanza na "vazi la jadi" itarudisha upungufu uliojadiliwa. Fasili inayotaja vitendo viwili itamwezesha msomaji wa Tanga kulichora vazi ambalo hajawahi kuliona. Nomino za Kinyarwanda za sehemu hizo mbili hazilazimiki kukopwa, kwa kuwa marinda, mtandio na lubega zinatosha. Kitomeo kingeweza kusomeka hivi:

mshanana nm mi- [u-/i-] (pia mushanana) vazi la sherehe la wanawake wa Rwanda na maeneo ya jirani, lenye kitambaa kinachofungwa kwa marinda kiunoni na kingine kinachojitandwa lubega: Shangazi alimfunga bibi arusi ~. [Kny]

Mfano wa matumizi umechaguliwa kwa makusudi. Kitenzi chake ni "alimfunga", na mtendaji wake ni shangazi.